Shosho Anacheza Mguu wa Mwanaume

Wiki tatu zilizopita niliposti video ya shosho wangu akicheza mwomboko. Sekunde 41. Hakuna filta, hakuna wimbo wa kubandika, ni uwanja wa shule ya msingi huko upande wa Limuru, kodiani inalia, na mama wa miaka 77 amemshika mzee mmoja mkono: hatua mbili, anainama kidogo, anageuka. Inatikisika kwa sababu mkono wangu mwingine ulikuwa umebeba kibeti chake, sweta yake na chupa ya uji.

Komenti nyingi zilikuwa poa sana, asanteni. Lakini kuna mtu aliandika kwamba mashosho wa siku hizi hawataki kuzeeka, wa kwao wako kanisa. Na chini yake mwingine akamalizia: angecheza akiwa msichana, saa hii apumzike. Hiyo ya pili ilipata laiki kama mia nne.

Nimeandika majibu karibu sita nikafuta yote. Wenye mmekuwa hapa kitambo mnajua mimi si mtu wa historia. Kampasi nilitoka mwaka wa pili, na hata kozi yenyewe haikuwa ya historia. Lakini hiyo ya "angecheza akiwa msichana" imenikwama kooni, kwa sababu alitaka. Alitaka kuliko kitu kingine chochote. Na mengi ya yaliyomzuia yameandikwa kwenye vitabu, mpaka na tarehe zake. Kwa hivyo leo posti ni ndefu. Weka chai kwanza.

Tuanze na hii fikra kwamba kucheza ni mambo ya vijana. Imetoka wapi? Kwa Wagikuyu wa zamani haikuwepo. Muthuu ilikuwa ya wavulana wanaokaribia kutahiriwa. Kibaata ilikuwa ya mashujaa. Gitiiro ilikuwa ya arusi, na akina mama ndio waliokuwa na maneno yake. Ukitoka rika moja unaacha ngoma moja na kuingia nyingine, kama vile mtoto anavyoacha nguo ikishakuwa fupi. Jomo Kenyatta kabla ya kuwa rais aliandika kitabu akiwa Uingereza, Facing Mount Kenya, kilichotoka 1938, na humo anaeleza jinsi nyimbo na ngoma zilivyokuwa sehemu ya malezi ya mtoto. Hakuna mtu angeshangaa shosho akicheza. Angeshangaa shosho akikosa ngoma yake.

Na si huku kwetu tu. Isukuti ya Waisukha na Waidakho kule Kakamega inachezwa mtoto akizaliwa, kijana akioa, na mzee akizikwa. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Sasa jiulize kitu ambacho watu walikuwa wakicheza kutoka kuzaliwa hadi kaburini kilifikaje mahali pa kuhitaji kulindwa haraka.

Kwetu Kiambu jibu linaanza na wamisheni. Walikuwa Thogoto, Kabete, Kijabe na kwingineko, na ukitaka kuingia kwao, kusoma na kubatizwa, ngoma ilikuwa moja ya vitu unavyoacha mlangoni. Waliosoma wakaitwa athomi. Wengine wakabaki na ngoma zao. Familia moja, boma moja, ndugu wawili, mmoja anacheza na mwingine anafumba madirisha.

Halafu ikafika 1929. Wamisheni waliwataka waumini waweke kidole kwenye ahadi ya kuachana na tohara ya wasichana. Hiyo alama ya kidole ndiyo kirore. Vijana wakajibu kwa wimbo wa kuchezwa unaoitwa muthirigu, wakawasema wamisheni, machifu na serikali bila kuogopa. Niseme wazi mapema kabla hamjanivamia: sitetei ukeketaji. Sheria ya 2011 iliupiga marufuku na ni sawa kabisa. Lakini angalia serikali ya mkoloni ilifanya nini. Januari 1930 ilipiga marufuku muthirigu, na watu wakafungwa jela kwa kuuimba na kuucheza. Serikali nzima, yenye bunduki na reli, inaogopa watu wanaoruka kwa miguu yao uwanjani. Tangu siku hiyo chifu hakuhitaji kuelezwa kwa nini ngoma ni ya kuchungwa.

Watu nao hawakukaa tu. Huko pwani, tangu miaka ya 1890, Waswahili walikuwa wamechukua tarumbeta na magwaride ya Wazungu wakayageuza kuwa beni, na vyeo vyao, na sare zao, na mashindano ya mtaa kwa mtaa. Bara ikatokea hivyo hivyo baadaye. Miaka ya 1940 vijana wa Kikuyu walichukua kodiani ya Mzungu, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma, wakaongeza karing'aring'a, ile pete ya chuma inayogongwa, na hatua walizoona kwenye dansi za Wazungu, mwanaume na mwanamke wameshikana. Huo ndio mwomboko. Kwa hivyo wale mlioandika "ngoma ya mababu", pole, si ya mababu hivyo. Ilikuwa muziki wa vijana wa wakati wao. Ilikuwa gengetone yao, na nina hakika kuna wazee waliitazama vile baba yangu anatazama simu yangu.

Shosho alizaliwa 1946. Mjomba wake alikuwa KAR, alipelekwa Burma kupigana na Wajapani, akarudi na koti refu na stori. Jumapili jioni vijana walikuwa wanakutana kwa kiwanja karibu na kwao, kuna mtu na kodiani yake, na shosho wa miaka mitano alikuwa anapanda juu ya gogo aone. Kitu anachokumbuka zaidi ni raba nyeupe. Kulikuwa na dada mmoja mwenye raba nyeupe, na vumbi lote lile, na zilibaki nyeupe. Shosho akajiapiza kwamba akiwa mkubwa atakuwa na raba kama hizo na atacheza hapo katikati mpaka kodiani ichoke. Hiyo ndiyo ndoto yake yote. Hakutaka kuwa daktari.

Oktoba 20, 1952, hali ya hatari ikatangazwa. Mwaka 1954 ikaanza ile kazi ya kubomolea watu nyumba na kuwasukuma kwenye vijiji vya kuchungwa, zaidi ya watu milioni moja, vijiji zaidi ya 800. Mtaro, miti iliyochongwa, mnara wa askari, na saa za kuingia ndani. Shosho alikuwa na miaka minane. Mama yake alikuwa anatolewa asubuhi kwenda kuchimba, anarudi jioni hawezi hata kuinua sufuria. Yule mwenye kodiani alichukuliwa na shosho hakumwona tena.

Sasa sikia kitu alichoniambia mwaka jana tu, tukichambua maharagwe. Wasichana wa kile kijiji waliendelea kucheza mwomboko. Ndani ya nyumba, giza limeingia, mtu mmoja anatoa sauti ya kodiani kwa pua, pole pole, ili askari asisikie. Hakuna mvulana, kwa hivyo wasichana wanashikana wenyewe kwa wenyewe. Na kwa sababu shosho alikuwa mrefu kuliko wenzake, yeye ndiye aliyefanywa mwanaume. Kila siku. Miaka yote hiyo alijifunza mwomboko mzima kwa mguu wa mwanaume, pekupeku, bila kupiga kishindo.

Hali ya hatari iliisha Januari 1960. Ungedhani basi, atoke nje acheze. Lakini wakati huo yuko darasa la ubatizo, na mwalimu wa dini akawaeleza kwamba ngoma na sakramenti hazikai nyumba moja. Pia ule uamsho uliotoka Rwanda miaka ya 1930 ulikuwa umeshaenea Kenya nzima, na waliookoka walikuwa wanasimama mbele ya watu kutubu, na kucheza kulikuwa kwenye orodha pamoja na pombe. Sisemi hao watu walikuwa wabaya. Wengine walikataa kula kiapo na wakakataa pia kushika bunduki za serikali, wakaumia kwa pande zote mbili. Lakini msichana wa miaka 14 anayetaka raba nyeupe hakuwa na wa kumtetea hapo. Alibatizwa. Akaolewa 1965. Akaingia kikundi cha akina mama wa kanisa, na hapo kichwani mwake stori ikawa imekwisha.

Isipokuwa 1977.

Kijiji cha Kamiriithu kiko Limuru. Kilianza kama kimoja cha vile vijiji vya hali ya hatari. Mwaka huo wakazi wake, wengi wao vibarua wa mashamba ya chai na wafanyakazi wa viwandani, walijijengea ukumbi wa wazi kwa mikono yao, wa kukaa watu zaidi ya 2,000, na wakaandaa igizo la Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, Ngaahika Ndeenda. Mazoezi yalikuwa Jumamosi na Jumapili ili watu wasikose kazi. Kitu ambacho hukisikii sana ni kwamba igizo lilijaa nyimbo na ngoma, na hao waandishi hawakuzijua vizuri. Walifundishwa. Wazee wa kijiji, wengine hawajui kusoma, walikaa pale wakirekebisha: si hivyo, gitiiro hujibiwa hivi, mguu huwekwa hapa. Watu waliokuwa wamenyamaza tangu 1952, au tangu ubatizo, wakasimama mbele ya umati wakiwa na miaka 50, 60, wakacheza.

Igizo lilifunguliwa Jumapili, Oktoba 2, 1977. Shosho alikuwa na miaka 31, watoto wanne, wa mwisho mgongoni. Huyo wa mgongoni ni mathe wangu. Alimwambia guka anaenda kuuza mboga, na kweli aliuza, halafu akapitia Kamiriithu. Akaona wanawake wa umri wa mama yake wakicheza mchana, jua linawaka, na hakuna aliyekuwa anacheka. Anasema alilia, na mtoto naye akalia, ikabidi atoke nje amnyonyeshe, na huko nje bado alikuwa anasikia miguu. Njiani kurudi aliamua kwamba atarudi aulize kama wanahitaji mtu.

Ilimchukua wiki kadhaa kupata ujasiri na nauli. Novemba 16 DC wa Kiambu alikuwa ameshafuta leseni ya igizo. Shosho alifika akakuta hakuna kitu, watu wamesimama vikundi vikundi wakiongea kwa sauti ya chini. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akakamatwa, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima bila kesi. Watu walijaribu tena na igizo lingine, na Machi 1982 polisi wakaja wakaubomoa ukumbi wenyewe. Hii haikuwa serikali ya mkoloni. Hii ilikuwa yetu, na bendera yetu.

Kuna mtu kwenye komenti aliniuliza, ni wapi duniani mtu ameanza kucheza uzeeni na akachukuliwa serious. Nilienda kutafuta. Japani kulikuwa na mwalimu wa michezo ya viungo anaitwa Kazuo Ohno. Mwaka 1929, ndio, mwaka ule ule wa muthirigu, akiwa kijana alimwona mchezaji wa Kihispania, La Argentina, jukwaani Tokyo, na hakuweza kumtoa akilini. Halafu vita vikamchukua, vile vile vilivyompeleka mjomba wa shosho Burma ila yeye akiwa upande wa pili, miaka tisa jeshini, akamalizia New Guinea akiwa mateka. Onyesho lake la kwanza alilifanya 1949 akiwa na miaka 43. Na lile lililomfanya ajulikane dunia nzima, la kumkumbuka yule yule La Argentina, alilizindua Novemba 1977. Miaka 71. Mwezi huo huo ambao leseni ya Kamiriithu ilifutwa. Ohno alicheza mpaka hakuweza kusimama, akacheza kwa mikono akiwa amekaa, akafa 2010 akiwa na miaka 103. Sina la kuongeza hapo. Tofauti ya mtu huyu na shosho ni kwamba yeye alipofikisha umri, jukwaa lilikuwa bado limesimama.

Kwetu ngoma hazikufa kabisa, zilihamishwa. Watoto wa shule wakapewa za tamasha, unajifunza ngoma ya jamii fulani muhula mmoja, unapata cheti, unasahau. Bomas of Kenya ikaanzishwa 1971, na wachezaji ni hodari, nimeenda mara mbili, lakini wewe na shosho wako mmeketi kwa viti. Na watu wazima? Watu wazima wakabakiwa na mahali pamoja: kumpokea mheshimiwa. Mnakumbuka, au mmeona kwa picha za zamani, akina mama wamevalishwa leso za rangi moja, wamechezeshwa juani masaa matatu wakingoja ndege au gari. Kucheza kwa ajili ya mtu mwingine, kwa amri, na soda mkononi. Shosho alishacheza hivyo. Anasema hiyo hakuihesabu.

Alivyoanza safari hii ni stori ya kawaida kabisa. Wana chama chao cha mashosho, cha kuwekeana pesa. Kaunti ikataka vikundi vya utamaduni kwa sherehe fulani, wakaambiwa kuna kitu kidogo cha nauli, wakapata mzee wa kodiani kutoka kijiji cha pili. Walikuwa wawe jozi nane, mmoja akaumwa na goti. Shosho alikuwa pale amekuja tu na daftari la hesabu, yeye ni mweka hazina. Wakamwambia asimame ajaze nafasi.

Akasimama, kodiani ikaanza, na guka wa watu aliyepewa kuwa naye karibu aanguke. Kwa sababu shosho alianza na mguu wa mwanaume. Akamvuta, akamgeuza, akamwongoza. Miaka karibu 70 imepita na mwili wake haukujua sehemu ya mwanamke ikoje, haukuwahi kuicheza hata siku moja. Walimrekebisha wiki mbili. Mwishowe yule mzee akasema yeye hana shida, yeye atajifunza upande wa pili. Angalieni tena ile video. Sasa mtaona ni nani anaongoza.

Nyumbani kumewaka kidogo. Anko mmoja, mzee wa kanisa, aliandika kwa grupu ya WhatsApp ya familia kwamba mama anatuaibisha, na kwamba kule kikundi cha akina mama kuna watu wameanza kuuliza maswali. Kulikuwa kimya siku mbili. Mimi nikasema kitu nikaambiwa mtu aliyeshindwa na shule asiongee, na kusema ukweli hiyo iliniuma, kwa sababu mimi nilipoambiwa niache kucheza kwa simu nisome, nilizira nikaacha kampasi, na bado nina chakula na paa. Shosho alipoambiwa aache hakukuwa na mahali pa kuziria. Mathe ndiye aliyejibu. Hakuandika maneno. Alituma picha ya risiti ya raba nyeupe, saizi 6, na anko hajaandika kitu kwa hiyo grupu mpaka leo.

Nilimsomea shosho zile komenti, zote, hata ile ya kupumzika. Aliuliza huyo ni mtoto wa nani. Nikamwambia sijui, ni mtu wa intaneti. Akachukua simu, akaitazama video mpaka mwisho, akairudisha tena, halafu akanirudishia na lalamiko moja: mbona miguu haionekani, unaniona kuanzia magoti kwenda juu, sasa raba zilinunuliwa za nini?

Jumamosi wana mazoezi saa nane. Safari hii kibeti nitakiweka chini.